Chini ya Boneti: Benzi Inapiga Resi Ila Haiendi

Mwezi huu barua tatu kati ya zote zilizoingia ni za magari ya zamani ya oto, na zote tatu zinalia kilio kimoja, gia boksi inateleza. Nimeamua nizijibu pamoja, ya kwanza nitakaa nayo sana maana ndani yake kuna mambo ambayo mwenye barua kayaandika bila kujua kwamba tayari kashajijibu.

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Tanga, nina Benzi 280E ya 1983, hizi za W123, oto, niliachiwa na mjomba alipoacha kuendesha, ikakaa bandani kama miaka minne hivi ndo nikaifufua mwaka jana. Gari inapendeza usipime, ila sasa imeanza vituko. Ilianza siku nampeleka bi mkubwa Lushoto, tumetoka Mombo vizuri kabisa, tunakata zile kona za kwenda Soni nikasikia injini inapanda resi vuuuum halafu gari inabaki palepale, sekunde moja mbili, kisha inashika kwa kishindo mpaka mama kanigeukia, mwanangu umegonga nini? Tangu hapo ikipata moto tu inafanya hivyo, hasa ikitoka gia ya pili kwenda ya tatu. Rivasi iko poa. Asubuhi ya baridi iko poa. Geji ya resi sina, pale kwenye dashibodi pana saa kubwa ya ukutani, kwa hiyo nasikiliza tu. Oili ya gia boksi ipo, fundi wangu anachungulia stiki kila asubuhi kabla hatujawasha, anasema imejaa. Ikishuka tunaongeza nusu lita, tushaongeza mara tatu nne hivi, na cha ajabu chini ya gari pakavu, hakuna hata tone. Kuna kamoshi keupe nikipiga stata ila kanaisha. Fundi anasema klachi pleti zimekwisha, nichague moja, nitafute gia boksi yuzdi Dar au aitoe na injini yake kabisa aweke ya Toyota. Nifanyeje? — Baba Salma, Tanga

JIBU: Marahaba Baba Salma. Kwanza mwambie fundi aweke spana chini. Sijasema kakosea, inawezekana pleti, vile visahani vinavyobanana ndani ya gia boksi ili gia ishike, kweli zimechoka, gari ina umri wa baba wa watoto, lakini kwa haya uliyoniandikia hakuna hata jambo moja linalothibitisha hivyo, na kuna mawili yanayoelekeza kwingine kabisa.

Tuanze na hiyo stiki. Mnapima vibaya. Hizi gia boksi za Benzi, yako bila shaka ni ile ya gia nne wanayoiita 722.3 maana ndiyo iliyokuwa inafungwa miaka hiyo, oili yake inapimwa injini ikiwa INAUNGURUMA, lever ipo P, gari imesimama sehemu tambarare, na oili imeshapata moto, yaani umeshazunguka nayo mjini kama nusu saa hivi. Injini ikizimwa, pampu inaacha kuvuta, oili iliyokuwa juu kwenye konveta (lile bakuli linalounganisha injini na gia boksi) na kwenye njia zake inarudi kwenye sampo, lile karai la chini, kwa hiyo ukichomoa stiki asubuhi gari haijawashwa utaona imejaa pomoni hata kama gia boksi ina njaa. Huo "mstari" mnaourudishia kila mkiongeza nusu lita ni mstari wa uongo. Na ujue kati ya MIN na MAX kwenye hiyo stiki ni kama desilita tatu tu, yaani kile kichupa kidogo cha soda kinajaza chote, sasa mtu anayekosea kupima hapo hakosei kwa kidogo.

Ukishapima inavyotakiwa nina wasiwasi utakuta oili iko chini ya MIN, pengine haigusi stiki kabisa. Na hapo zile kona za Soni zinaeleweka. Gari inapanda, inalala kushoto inalala kulia, oili chache iliyopo kwenye sampo inakimbilia pembeni, filta inavuta hewa badala ya oili, presha inaanguka, pleti zinakosa nguvu ya kubanana na injini inakimbia peke yake vuuuum. Gari ikinyooka oili inarudi, inashika. Na kwamba inazidi ikipata moto, ni kwa sababu oili ya moto ni nyepesi, inapenya kirahisi kwenye kila sili iliyochoka. Asubuhi ni nzito kidogo inasaidia. Kuna gia boksi zinafanya kinyume chake, asubuhi zinagoma zikipata moto zinakaa sawa, hizo mara nyingi ni sili za mpira zilizokauka zikawa ngumu kama kwato, gari zilizolala muda mrefu zinapenda hiyo. Yako siyo hiyo.

Sasa swali linakuja, oili inakwenda wapi kama chini pakavu? Hapa ndo barua yako ilinifanya niiweke kikombe cha chai pembeni. Oili inapotea, sakafu kavu, moshi mweupe asubuhi, na gia ikishika inashika kwa kishindo. Hayo manne yakikaa pamoja mimi mtu wa kwanza kumshika shati ni modyuleta ya vakyumu.

Nieleze kidogo maana mafundi wengi vijana wamekulia kwenye gia boksi za kompyuta hawajawahi kuigusa. Gia boksi ya miaka ile haina kompyuta, sasa itajuaje kama dereva kakanyaga kidogo au kakanyaga sana? Inaambiwa na vakyumu, yaani ule mnyonyo wa hewa wa injini. Kuna mpira mwembamba unatoka kwenye manifodi, pale injini inapovutia hewa, unashuka mpaka ubavuni mwa gia boksi kwenye kikopo cha bati kama kifuniko cha mtungi wa dawa, ndani yake kuna utando wa mpira. Ukiwa umekanyaga kidogo vakyumu ni kubwa, inavuta utando, gia boksi inapunguza presha, gia zinaingia laini kama unapaka siagi. Ukikanyaga sana vakyumu inapungua, presha inapanda, gia zinaingia kwa nguvu kuzuia pleti zisiteleze. Sasa ule utando ukipasuka, upande mmoja una oili ya gia boksi, upande wa pili una injini inayonyonya saa ishirini na nne. Unadhani itafanya nini? Itainywa. Inainywa taratibu, inaichoma, inatoka kwa ekzosi kama moshi mweupe, na sakafu inabaki kavu kama ulivyosema. Na kwa kuwa vakyumu imekata, gia boksi inadhani wewe umekanyaga mpaka chini muda wote, kwa hiyo kila gia inaingia kwa kishindo. Kwa hiyo unapata ugonjwa unaochanganya, inateleza kwa sababu oili ni chache, halafu inagonga kwa sababu presha ni kubwa. Mtu akiisikia anasema pleti.

(Kuna moshi mweupe wa maji pia, ule wa gasketi ya silinda hedi, usije ukachanganya. Ule maji ya rejeta yanapungua na una harufu tamu ya kulanti. Huu wa oili ni mzito, unakaa hewani, unanuka kama kitambaa cha gereji kimetupwa jikoni.)

Kipimo chake hakihitaji hata buku. Gari ikae kwenye stendi, siyo jeki peke yake tafadhali, injini imezimwa na imepoa. Ingia chini, fuata ule mpira mwembamba mpaka kwenye modyuleta, uchomoe upande wa modyuleta, halafu uelekeze chini juu ya karatasi nyeupe. Mpira unatakiwa uwe mkavu kabisa ndani, ni njia ya hewa. Ukidondosha hata matone mawili mekundu, kesi imekwisha, utando umepasuka. Ukiwa mkavu, ingiza kijiti kilichofungwa pamba kwenye tundu la modyuleta yenyewe. Kikirudi na wekundu ni hivyohivyo.

Kuibadilisha hakuhitaji kushusha gia boksi. Inashikwa na kibati kimoja na bolti moja, unavuta inatoka, ina oringi yake, na nyuma yake kuna kipini kidogo kinasukumwa na modyuleta. Hicho kipini ndo ugomvi. Kinateleza kinadondoka kwenye mchanga, fundi hajui, anafunga mpya, gari inazidi kuwa mbovu halafu lawama zinakwenda kwa aliyeuza spea. Tandika gazeti chini kabla hujavuta. Na kwenye modyuleta kuna kifuniko cha mpira, ukikitoa ndani kuna ufunguo wa kurekebishia ulaini wa gia. Mpya inakuja imeshasetiwa, usiizungushe. Kama mtu lazima azungushe basi nusu mzunguko, aandike, aendeshe, ndo arudi.

Tuseme sasa nimekosea, mpira mkavu, utando mzima, oili umeipima kwa njia sahihi na iko sawa, na bado pili kwenda tatu inakimbia. Hapo bado hatushushi kitu. Chomoa uleule mpira wa vakyumu, upande unaotoka kwa injini uzibe kwa bolti ndogo ili injini isivute hewa ya bure ikaanza kukohoa, halafu kaendeshe taratibu barabarani. Bila vakyumu gia boksi inakwenda na presha ya juu kabisa, gia zitaingia kama teke la punda, ni sawa, ndo tunachotaka. Sikiliza ile ya pili kwenda tatu. Kama kule kukimbia kumeisha, basi pleti zina uwezo wa kushika zikipewa presha, tatizo ni presha yenyewe inakuja ndogo, unatafuta kwenye seti ya modyuleta na kwenye ule waya unaotoka kwenye linki za mafuta kwenda gia boksi, na ule waya nauangalia kwa jicho baya kwa sababu gari ilifufuliwa, mtu aliyefungua mambo ya juu ya injini anaweza kuwa aliurudisha ovyo. Lakini kama hata na presha yote hiyo bado inakimbia, hapo namrudishia fundi wako heshima yake, kitu cha gia ya tatu ndani kimechoka, inabidi ifunguliwe. Na hata hapo 722.3 kukimbia pili-tatu ni ugonjwa wake unaojulikana, inafunguliwa inatengenezwa, siyo ya kutupa.

Umesema rivasi poa. Umefanya vizuri kuandika maana hilo nalo ni kipimo. Kwenye hizi gia boksi kuna bendi, yaani mkanda wa kubana, wanaiita B2 ambayo inafanya kazi gari ikianza kwenda mbele, pistoni yake inajulikana kwa kuvunjika, na ikivunjika ghafla gari haiendi mbele kabisa lakini rivasi inakwenda kama kawaida. Mtu anarudi nyumbani kinyumenyume. Wewe mbele inaondoka vizuri, kwa hiyo hiyo tunaiacha.

Wakati uko chini, toa oili kidogo uidondoshe kwenye tishu nyeupe uiache dakika kumi. Ikisambaa nyekundu au ya udongo mwepesi haina shida. Ikiacha katikati duara jeusi lenye punje na inanuka kuungua, hapo pleti kweli zimeliwa. Ukiona inang'aa ng'aa juani kama ile poda wanayojipaka mabibi harusi, hicho ni chuma.

Halafu badilisha oili yote na filta, nasema yote kwa sababu gari ililala miaka minne na sidhani kama mtu aligusa. Hapa Benzi wa zamani walikuwa waungwana, konveta yenyewe ina plagi ya kumwagia, unazungusha injini kwa mkono kwenye bolti ya kranki, kuelekea inakozunguka, mpaka plagi itokeze kwenye kidirisha chini, unafungua kwa allen ki ya milimita 5. Mafundi wengi wanamwaga sampo tu, nusu ya oili chafu inabaki konveta halafu wanaondoka. Kurudishia, mimina lita nne kupitia bomba la stiki injini ikiwa imezimwa, washa, pitisha lever kwenye kila gia taratibu umekanyaga breki, rudi P, endelea kuongeza kidogo kidogo huku unapima. Jumla itakula zaidi ya lita sita. Tumia ATF, yaani oili ya gia boksi za oto, ya Dexron, ile ya kawaida nyekundu, usiuziwe maajabu ya gari za sivitii, zile oto mpya za mkanda. Na usizidishe. Oili ikizidi inachapwa mpaka inatoa povu, povu lina hewa, hewa haibani pleti, unarudi palepale kwenye kuteleza.

Najua utaambiwa ukibadilisha oili kwenye gia boksi ya zamani unaiua. Nimeshaona zikifa hivyo, siwezi kukudanganya, lakini kila mara ilikuwa gia boksi ambayo pleti zimekwisha na mwenye gari kabadilisha oili kama mtu anayekimbizwa hospitali siku ya mwisho. Yako bado haijafika huko, kama tishu itakuwa safi.

Kuna kitu mafundi watataka kukufanyia, wanabana breki, wanaweka D, wanakanyaga mpaka chini kuona injini inafika resi ngapi. Ni kipimo halali, kiko kwenye vitabu, kinafanywa kwa sekunde tano tu kisha unaiachia ipoe. Lakini huna geji ya resi, kwa hiyo watakuwa wanapima nini? Waambie hapana.

Mimi mwenyewe zamani hizo, nikiwa kijana na nikijiona najua, nilishusha gia boksi ya W123 ya mzee mmoja, siku mbili tuko chini na winchi, tumeifungua mezani, pleti zote nzima kabisa, maandishi ya kiwandani bado yanasomeka. Nilikaa nazitazama. Mpira wa vakyumu ulikuwa umepasuka karibu na manifodi, mahali ambapo ningeufikia kwa mkono mmoja nimesimama. Mzee alinilipa na hakuniuliza kitu, mpaka leo nikikutana naye msikitini naangalia viatu.

Hayo ya kuweka injini ya Toyota, gari ni yako. Ila hizo W123 zilitengenezwa kama milioni mbili na laki saba kuanzia 1976, spea zake bado ziko duniani, na siku ukiitoa ile injini ya silinda sita unabaki na bodi la Benzi linalolia kama hiace. Mjomba bado yuko hai, utamwambia nini?

SWALI: Salaam aleikum mzee wangu. Mimi ni wa Mombasa, niko na Toyota Crown ya 1982, automatic. Imeanza kuteleza, nikaiangalia oili ya gearbox nikaikuta si nyekundu tena, imekuwa pinki nzito kama yogati. Makanika aniambia ni oili tu imezeeka, nimwage niweke nyingine. Nimemwaga, wiki moja imerudi pinki. — Mama Rukia, Likoni

JIBU: Wa aleikum salaam dada yangu. Usiiwashe tena hiyo gari, hata kuisogeza kwenye kivuli isukumeni. Hayo ni maji. Oili ya gia boksi yako inapita ndani ya rejeta, chini kwenye tanki lake kuna kibomba cha kuipoza, na kibomba kimetoboka au kimeoza. Gari ikitembea presha ya oili ni kubwa inasukuma oili kuingia kwenye maji, fungua kifuniko cha rejeta ikiwa imepoa utaona mafuta yanaelea. Ukizima, maji ya rejeta yanakuwa bado na presha, yanarudi yanaingia kwenye gia boksi. Ndio maana ulimwaga ikarudi, mlikuwa mnakausha sakafu na bomba linavuja.

Maji yanafanya kitu kibaya sana kwenye pleti, ile karatasi ya msuguano imegandishwa kwa gundi, maji yanailegeza inaanza kubanduka. Badilisha rejeta, au kama rejeta ya Crown hiyo haipatikani, ziba zile njia mbili za gia boksi kwenye rejeta na umfungie kipozeo cha nje peke yake mbele ya rejeta, hapo Mombasa joto lilivyo chagua kikubwa siyo kile cha pikipiki. Kisha mwaga na ujaze ATF mara tatu nne, endesha kidogo kati ya mara na mara, mpaka itoke nyekundu safi. Kama imetembea na maji kwa siku chache unaweza kupona. Kama ni miezi, jiandae kufungua. Samahani dada, sina neno tamu la hapo.

SWALI: Mambo fundi, nina Cressida ya 1986 ya kabureta, oto, niko Morogoro. Kabureta ilikuwa mbovu nikafungiwa nyingine yuzdi, injini imetulia kabisa, ila tangu siku hiyo gari inapandisha gia mapemaaa, niko spidi thelathini ishaingia ya tatu, halafu nikikanyaga inapiga resi haivuti. Kabla ya hapo ilikuwa nzima kabisa. — Mdau wa Kihonda

JIBU: Poa mdogo wangu. Umesema mwenyewe, "tangu siku hiyo". Fungua boneti sasa hivi kabla hujamaliza kusoma. Pembeni ya kabureta kuna waya wa mafuta unaotoka kwenye pedeli, na kuna waya wa pili unaoshuka nyuma ya injini kwenda gia boksi, wengine wanauita waya wa kikidauni. Nina uhakika wa asilimia tisini kwamba kabureta uliyofungiwa haikuwa na pa kuushika huo wa pili, fundi akaufunga pembeni kwa waya wa bati au kauacha unaning'inia. Huo waya ndo unaoiambia gia boksi umekanyaga kiasi gani. Ukilegea, gia boksi inajua umelala, inatoa presha ndogo, inapandisha gia mapema, na ukikanyaga pleti zinateleza. Kila siku unayoendesha hivyo unazichoma.

Tafuta kishikio chake, kiko kwenye kabureta yako ya zamani, usiniambie uliiuza chakavu. Ukishafunga, mtu mmoja akanyage pedeli mpaka chini injini imezimwa, wewe angalia kale kashanga kalikobanwa kwenye waya. Kanatakiwa kawe karibu kabisa na mdomo wa kava la waya, sifuri mpaka milimita moja, siyo zaidi. Ukizidi, unarekebisha kwa zile nati mbili. Halafu pima oili, yako nayo inapimwa ya moto injini ikiwa inaunguruma, na inuse.

Kama hainuki, umewahi.